Muziki Ukinyamaza Kashebere

Mwezi uliopita nilikwenda Butembo kumsaidia mama kuondoa vitu katika depo ya nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imepata njia kwenye mabati, na mama alikuwa amechoka kutega sufuria chini ya kila tundu. Nilitarajia panya. Panya nilimpata, tukashtuana, kila mmoja akakimbilia upande wake. Ndipo chini ya magunia matupu mkono wangu ukagusa chuma baridi, chenye mapezi mgongoni kama ya samaki, nikajua ni nini hata kabla ya kuona. Ilikuwa ampli ya baba.

Cheka tu, rafiki yangu. Wengine huwakumbuka wazee wao kwa koti au rozari. Mimi baba yangu namkuta ndani ya mashine ya kukuza sauti. Nilijaribu kuinyanyua, mgongo ukanikumbusha umri wangu, nikaketi sakafuni kando yake, nikaipapasa mapezi. Haikuwa furaha tupu. Chuma kile, hata bila waya wala umeme, bado kinanitia wasiwasi. Nikainama kukinusa kama mtu anayenusa mchuzi wa jana. Harufu ya kuungua ilikuwa bado imo.

Nilikulia Kashebere, upande wa Walikale, pale barabara inaposhuka kutoka milima ya Masisi na kuanza kutafuta msitu. Baba alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa kusali asubuhi na jioni na kubishana bei katikati. Duka letu lilinuka chumvi, sabuni na samaki wakavu, na nguo zetu za shule zilinuka hivyohivyo. Ampli aliinunua kwa mzungu mmoja mwenye ng'ombe kule Masisi, aliyefunga virago mapema kuliko wenzake kwa sababu alikuwa na pua nzuri ya kunusa vita. Mbele ilikuwa na vidirisha viwili vya kioo vyenye mwanga wa kijani, na ndani yake sindano mbili zilizoruka kila gitaa lilipolia. Baba aliifunga kwenye kicheza kaseti na bafle mbili kubwa za kutolea sauti alizozielekeza mlangoni, na jenereta, ambayo sisi tuliita grupu, ikanguruma nyuma ya duka. Tukishamaliza kuchagua mawe kwenye maharagwe na kufukuza kuku kwenye mihogo iliyoanikwa, tuliruhusiwa kukaa na kutazama sindano. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu.

Bonde letu lilibeba sauti vizuri ajabu. Mama akiwa shambani, kwenye mteremko wa ng'ambo ya mto, aliweza kurudi jioni na kumwambia baba kwamba kaseti fulani imeanza kukwaruza.

Halafu vita vikaja, na havikuja kwa kupiga hodi. Vilitanguliwa na madereva. Lori likisimama mbele ya duka, dereva akashuka bila kuomba bia, baba alizima muziki ili amsikie vizuri, kisha akabaki mlangoni kusikiliza milima. Watu wa kijiji wakaanza kuona: muziki ukikatika kwa Papa wa duka, kabla jua halijatua kuna mtu atakuwa anakimbia. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna chifu aliyetangaza. Ikawa tu hivyo, kwamba ampli ikilia unalima, na ikinyamaza unabeba mtoto na kuingia msituni.

Baba hakupenda cheo hicho. Nakumbuka jirani yetu wa nyuma, mama mmoja mkulima wa maharagwe ambaye ukoo wake ulikuwa kwenye milima ile tangu zamani, akipita asubuhi na jembe begani.

"Papa, leo iko muziki ya siku muzima ao ya nusu?"

"Mama, miye nauzisha chumvi. Siko sentineli yenu."

"Uzisha chumvi yako, Papa, hakuna mwenye anakukataza. Lakini usizime. Magoti yangu inauma, sipendi kukimbia bure."

Kisha akachota konzi ya maharagwe kutoka kikapuni na kuiacha kwenye beseni la mama lililokuwa kizingitini. Kesho yake wanawake wengine wakafanya vilevile. Tukayaita maharagwe ya muziki. Hayakupikwa kwetu hata siku ya njaa. Baba aliyauza kwa wenye malori na kununua esansi, yaani petroli, ya grupu. Kila aliyekwenda shambani alitia konzi yake, akakohoa kidogo baba amwone, akaenda zake. Kanisani sadaka haikutolewa kwa bidii kama ile.

Tangu hapo ampli haikuwa yetu tena, na sisi ndio tuliokuwa mali yake. Baba aliugua malaria, akatetemeka kitandani, lakini alijikokota kugeuza kaseti. Ijumaa Kuu aliona aibu mbele ya Mungu, akaweka nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini ya kuomboleza. Wanawake wa ng'ambo hawakusikia kitu, wakaanza kukusanya watoto, na baba akalazimika kuyasherehekea mateso ya Bwana kwa gitaa la Kinshasa, sauti juu kabisa, huku akifanya ishara ya msalaba mbele ya vile vidirisha vya kijani.

Kibaya zaidi kilikuwa pale upande wa kaseti ulipokwisha. Klik. Ukitazama ng'ambo uliona majembe yamesimama hewani. Baba alikuwa na vidole vinene, lakini kwa kazi hiyo alikuwa mwepesi kama mwizi. Gitaa likirudi, majembe yalishuka yote pamoja. Mimi nilikuwa darasa la tano, na hadi leo friji ikijizima ghafla jikoni kwangu naangalia viatu vyangu viko wapi.

Siku moja fyuzi ilikatika. Fyuzi tu, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Darasani tulikuwa kwenye hesabu za sehemu na mafungu. Mwalimu alisimama na chaki mkononi, akangoja kiasi cha kugeuza kaseti, akangoja tena kidogo, kisha akatoka kwa kupitia dirishani ingawa mlango ulikuwa wazi. Tukamfuata, kwa dirisha hilohilo, maana tulifundishwa kumuiga. Kijiji kizima kilinyeshewa msituni hadi mtu mmoja shujaa aliporudi kuchungulia na kumkuta baba amepiga magoti nyuma ya ampli, kisu mdomoni, akimlaani mzungu wa ng'ombe.

Jirani yetu alifika dukani akiwa bado amelowa.

"Sombe yangu imeungua mu sufuria, Papa! Na unajua nilikimbia na nini? Mwiko! Nikaacha godoro, nikaacha nguo, nikabeba mwiko. Nilikuwa naenda kupikia nani mu pori?"

"Ni fyuzi, mama. Kitu kidogo."

"Kidogo! Fyuzi yako njo itatuua mbele masasi ya bunduki ifike."

Mwalimu, ambaye alikuwa na haja ya kurudisha heshima yake, ndiye aliyeleta dawa. Kengele ya shule yetu ilikuwa janti ya lori, lile duara la chuma la gurudumu, iliyotundikwa kwa mnyororo. Wakatafuta janti nyingine, wakaitundika mbele ya duka. Ampli ikinyamaza kwa sababu ya ubovu, janti ipigwe upesi, watu wajue ni hitilafu tu, wakae. Ampli ikinyamaza na janti isilie, basi wasiulize. Kazi ya kupiga janti nikapewa mimi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa duka na nilisifiwa kwa kutii. Nilijivuna sana. Kipande cha nondo cha kuipigia nilikiweka karibu na mkono wangu hata nilipokuwa nakula.

Basi wakaja. Hawakuja kwa barabara, walitokea msituni, kwa hiyo hakuna dereva aliyewatangulia. Ilikuwa alasiri. Mimi nilikuwa dukani nachagua maharagwe, muziki unalia, na ghafla mlango ukajaa wanaume wenye bunduki. Baba alinyoosha mkono kwenye swichi. Mkubwa wao, kijana mwenye miwani ya jua, akamgusa bega kwa mtutu, taratibu, kama mtu anayemwamsha rafiki.

"Acha, Papa. Muziki iko muzuri. Zidisha."

"Iko muzee, chefu. Tuipumuzishe kidogo."

"Weye njo unachoka, si muziki. Zidisha, nimesema."

Baba akazidisha. Wale wanaume wakaanza kujipakulia biskuti, wengine wakicheza. Nami, kupitia mlangoni, katikati ya miguu yao, niliuona mteremko wa ng'ambo. Wanawake walikuwa wameanza kushuka na vikapu vyao, maana ulikuwa ndio wakati wa kushuka, na ampli ilikuwa inawaambia, kwa nguvu kuliko siku zote, kwamba nyumbani ni salama. Kikwembe cha njano kiunoni mwa yule wa mbele kilikuwa cha mama.

Baba alikiona pia.

Sasa lazima nikuambie jambo juu ya mama na ile ampli. Mama alishona vitambaa vya uzi vya kufunika kila kitu ndani ya nyumba, na kila alipoifunika ampli, baba alikivua kitambaa na kulalamika kwamba mashine inapumulia mgongoni, ukiifunika utaiua. Ulikuwa ugomvi wao wa kila juma. Siku ile baba alikichukua kitambaa rafuni, akakitandaza juu ya ampli na kukinyoosha pembe kwa uangalifu wa mwanamke anayengoja wageni. Juu yake akaweka kikwembe kilichokunjwa. Juu ya kikwembe, gunia.

"Unaivalisha koti?" akacheka yule mwenye miwani.

"Vumbi ya viatu, chefu. Bibi yangu atanigombeza."

Tukangoja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisimulia vizuri. Wao walicheza. Sindano ziliruka. Kikwembe cha njano kilifika kwenye migomba, kikapotea, kikatokea chini zaidi. Baba aliimba kwa kufuata kaseti, yeye ambaye hakuimba hata kanisani, jasho likimdondoka kidevuni. Nilinusa uzi wa mama ukianza kuungua, kisha kitu kikali kuliko uzi. Sindano zikaruka mara ya mwisho, zikalala.

Yule mwenye miwani aligeuka.

"Nini?"

"Imekufa, chefu. Nilikuambia iko muzee."

Akampiga baba kofi lililomwangusha kwenye gunia la chumvi.

Nami nikasimama. Usinihukumu, rafiki, nilikuwa mwanafunzi mzuri. Ampli imeungua, moshi naunusa, ni hitilafu ya kweli kabisa, na hitilafu sheria yake naijua. Nondo ilikuwa mkononi mwangu. Nilipiga hatua kuelekea janti.

"Kaa chini, mama," baba akasema bila kunitazama, ameshika shavu. Aliniita mama kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao wanapowabembeleza. Nikakaa.

Ng'ambo, wanawake walikuwa wamesimama njiani, wote, vikapu kichwani. Walikuwa wanasikiliza. Nilibana nondo katikati ya magoti. Kisha mmoja akageuka, wakageuka wawili, wakapanda mbio kuingia kwenye migomba. Kile cha njano kilibaki peke yake muda mrefu. Mwishowe nacho kikaondoka.

Wale watu walichukua chumvi, sabuni, grupu na viatu vya baba. Ampli waliiacha kwa sababu ilinuka na iliunguza mikono. Tulimkuta mama katika kijiji cha Mpofi, mzima, na baada ya hapo tukahamia Butembo. Baba aliacha magodoro, akapakia ampli. Mafundi walimwomba waitengeneze, alikataa daima. Alisema imestaafu.

Mimi nikasoma. Chuo kikuu niliandika tasnifu nzima juu ya upashanaji habari vijijini, nikanukuu mabingwa wa kila bara, na ampli sikuitaja hata kwenye tanbihi. Lakini mezani, penye wageni, hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, daima kama hadithi ya akili ya baba: ampli ikafa, mama akapona, watu wakapiga makofi.

Nilipoikokota hadi barazani Butembo, nikaanza kuisimulia tena, kwa mazoea. Mama alikuwa anaifuta vumbi kwa pembe ya kikwembe chake.

"Weye unajua ya mu duka tu," akasema.

Nikaketi kando ya ampli.

"Nilisimama pale nangojea janti. Ikilia, ni fyuzi, mutoto wangu iko anacheza. Isipolia, benye bunduki balishafika, na weye iko mule ndani pamoya nabo. Na miye banasema nikimbie. Nikupe mugongo." Alisugua kidirisha kimoja. "Jirani yetu njo alinivuta na kikwembe, na magoti yake ile ya kuuma. Nilimupiga. Nilitaka janti ilie, mama. Hata kama ni ya uongo."

Kuhusu jirani yetu, habari ya mwisho niliyoisikia ni kwamba alionekana katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere, kisha hapana tena. Na Kashebere yenyewe, wapitao huko wananiambia kila kibanda sasa kina kiredio chake na kila mtu ana simu sikioni. Muziki ukikatika mahali, hakuna anayeinua kichwa. Sitamani vita. Lakini kulikuwa na bonde zima lililosikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, na walioweza kuthibitisha hilo wanakwisha.

Nilimwambia mama kwamba nilisimama siku ile, kwamba nondo ilikuwa mkononi.

"Na papa yako akakukataza."

"Ndiyo, mama."

Aliendelea kufuta muda mrefu mahali ambapo palikuwa pameshatakata.

"Alifanya muzuri," akasema. "Lakini kwa ile janti isiyolia nilimukasirikia miaka yote, na hakujua."

Tukakaa hapo barazani na ampli katikati yetu, na baba hayupo wa kuambiwa.