Ua la Piko Ubavuni

Dada mkubwa wa mama yangu, ambaye sote tulimwita Mamkubwa, aliamini hakuna jambo duniani lisilotengenezeka kwa singo. Bi harusi, mzazi, mtoto mwenye upele, wote aliwasugua kwa mawaridi na karafuu zake mpaka wakawashwa. Nilimcheka tangu usichana wangu, na angebaki kichekesho tu kama asingemgusa mama.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha pale mama alipoanza kuumwa mbavu upande wa kulia. Alikuwa ameshakatwa titi kwa saratani, kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: imerudi, au haikurudi? Nilimpeleka Dar es Salaam. Wakamchoma sindano ya dawa yenye mionzi, ile inayokwenda kujikusanya pale mfupa ulipo na kasoro, kisha wakamlaza chini ya mashine. Doa likatokea kwenye ubavu mmoja. Mtaalamu akalitafuta mahali pake hasa, akachora duara la wino juu ya ngozi.

"Hapa ndipo daktari atakapopasua, achukue kipande cha mfupa kikapimwe," alisema. "Msipaguse, msipaoshe."

Hata mtoto wa chuo cha Kurani angeelewa.

Upasuaji ulikuwa kesho yake, Unguja, katika hospitali ndogo ya mtu binafsi, kwa daktari aliyesifiwa mji mzima kwa wepesi wa mkono. Tulirudi na boti. Majirani zetu wa Mji Mkongwe, ambao hawakuwa wakiisha kubisha hodi kuomba chumvi, ghafla wote walikuwa na chumvi ya kutosha. Walikwishasikia kwamba mama ana mionzi. Mmoja alituwekea sahani ya vileja barazani, akagonga mlango, akatimua mbio na unene wake wote.

Nilimwacha mama na Mamkubwa, nikatoka kwenda Darajani kununua kanga nyepesi za hospitali. Niliporudi, mama alikuwa amevaa gauni safi, ananukia vizuri, amelala. Sikutaka kumwamsha.

Asubuhi daktari alikuja na saa yake ya dhahabu na haraka zake. Picha tuliyotoka nayo Dar ilibaki ndani ya bahasha, miguuni pa kitanda. Mbavu hakuzihesabu.

"Alama ipo?" alimuuliza nesi.

Ilikuwapo. Kwa bwana huyo, hiyo ilitosha.

Majibu yalikuja mazuri: mfupa mzima, hauna ugonjwa. Mamkubwa alilia, akasema ni dua zake, akapika biriani ya mtaa mzima. Majirani nao wakarudi, na njaa zao. Nami nilikula nikajilamba vidole, maana nilikuwa na furaha ya kweli.

Lakini mama bado alikuwa anaumwa. Siku alipotolewa nyuzi, nilimsaidia kuoga, ndipo nikauona mshono wenyewe mchana kweupe. Pembeni yake palikuwa na vipande vya duara, vyeusi ti, na ukingoni vijani vidogo vya ua. Wino wa Dar haukuwa na vijani.

"Mama, nani kakuchora hapa?"

"Kamuulize mamkubwako," alisema, akatazama ukutani.

Nilimkuta jikoni.

"Nshamsugua, ndo naona wino ushatoka," alinijibu bila wasiwasi. "Mtu ataendaje kupasuliwa na jasho la boti? Na udhu je? Wino unazuia maji." Huku mikono yake mwenyewe imejaa piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia maua, hadi viwikoni, na swala tano hazimpiti. "Piko la harusi lilibaki kidogo, nkamrejeshea palepale. Tena nkampambia."

Palepale! Kwa jicho lake, juu ya ngozi ya mtu aliyekonda, mbavu zimejipanga hivyo.

Nilirudi kwa daktari. Akaitoa ile picha kwa mara ya kwanza, akaielekeza dirishani, akahesabu mbavu kwa kidole. Haraka zote zilimwisha. Akampasua mama tena, ubavu wa juu yake, na humo ndimo ugonjwa ulimokuwa. Saratani ilikuwa imerudi.

"Mwache dadaangu," mama aliniomba. "Kataka nende msafi."

Sikumwacha. Nilikula naye sahani moja kwenye kila shughuli ya ukoo, nikamwamkia shikamoo kama inavyotakiwa, na moyoni simtaki.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Daktari alisema kuchelewa kule hakukubadilisha kitu, na huyo nami nimwamini kwa lipi? Siku ya mazishi, wanawake walipojikusanya chumbani kumwosha, Mamkubwa aliingia na bakuli la maji ya mkunazi, macho yamemvimba, kanga kaifunga kiunoni tayari kwa kazi. Nililichukua lile bakuli mikononi mwake.

"Wewe ushamwosha," nilimwambia, nikamfungia mlango.