Sauti Isiyo na Jina kwenye Foni ya Bibokoboko

Siku yangu ya kwanza kazini, chef wa foni, yaani mkuu wetu wa redio, hakuniruhusu kugusa mashine. Alinipandisha juu ya bati la hospitali, pale Baraka, akanionyesha waya wa antena uliofungwa kati ya milingoti miwili.

"Ramazani," akasema, "ile kisanduku iko chini ni kinywa tu. Masikio iko huku. Waya ikilala, we unakuwa kiziwi."

Nilikuwa kijana wa Swima niliyependa redio kuliko chakula. Za majirani nilizifungua zote, na baadhi nilizirudisha zikiwa nzima.

Nyinyi mliokua na simu mfukoni huenda hamjui foni. Ni redio ya kusemeana mbali. Unabonyeza kifungo unasema, unaachia unasikia. Hamwezi kusema wawili pamoja. Ilikula betri ya gari, na betri ilikula jua kupitia paneli. Lakini ugumu wa kazi haukuwa umeme. Yeyote mwenye mashine kama yetu, akiweka masafa yetu, alisikia yote: wenye mitumbwi, wafanyabiashara, hata watu wenye bunduki porini. Ndiyo maana chef alitukataza kutaja njia wala jina la mgonjwa. "Batu banasikia," watu wanasikia, alituambia, tena kwa sauti ya chini, hata tulipokuwa tunakunywa chai.

Nilipelekwa kwanza kituo cha Kilembwe, nikajifunza kutunza betri. Kisha nikapandishwa Bibokoboko, mlimani, kwenye baridi na ng'ombe. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya, alikuwa mtu wa milimani, Mprotestanti aliyesali kabla ya kushika sindano. Mimi Mwislamu wa ziwani. Tulikula sahani moja.

Asubuhi moja akaletwa mama mmoja, Esteri, amebebwa na mumewe na shemeji zake kwenye kipoyi, kile kitanda cha kubebea mabegani. Ilikuwa mimba ya kwanza, uchungu ulikuwa umeanza jana yake, na mtoto alikuwa amelala kiupande. Titulaire alimpima, akatoka uso umebadilika.

"Ita Baraka. Huyu anaomba kisu."

Kisu cha upasuaji kilikuwa Baraka, na njia ya kushuka ilikuwa imefungwa na mapigano. Nikaita. Chef akajibu, daktari akiwa pembeni yake. Nikaeleza hali bila kutaja jina.

"Mumulete leo," daktari akasema. "Kesho itakuwa kuchelewa."

"Na njia?" titulaire akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeishika.

Kabla sijabonyeza, sauti ya tatu ikaingia. Ya mwanaume, karibu sana, safi. "Huyo mama, mumutelemushe. Njia iko wazi mupaka jua ishuke. Batu yangu habatagusa kipoyi."

Chef akaruka: "We ni nani kwenye masafa ya hospitali?"

"Mi sina jina huku."

"Bibokoboko, zima! Ni mutego! Zima mashine!"

Sikuzima. Mume wa Esteri alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Docta alisema kesho ni kuchelewa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na ule muntu alisema mupaka jua ishuke?"

"Ndiyo. Lakini hatumujue."

Alimtazama mkewe. "Hapa, najua kile kitamufikia. Kule sijui. Twende kule sijui."

Wakamlaza tena kwenye kipoyi, wakafunga kitambaa cheupe mbele. Titulaire akasali kwa ufupi, akachukua mfuko wake, akashuka nao. Nikabaki mimi na mashine. Nikikaa kimya, yule mtu hatajua kwamba wametoka. Nikisema, na kama ni mtego, nimewauza. Nikabonyeza: "Kipoyi imetoka."

Nikakaa na mvumo wa hewa tupu. Mchana risasi zikalia bondeni, nikashika meza. Halafu sauti ile ikarudi, sasa ikipiga kelele, wala si kwangu: "Babapishe! Nilisema babapishe!" Ikakatika katikati ya neno. Niliita bila kujali kukatazwa.

Jua lilikuwa limegusa mlima chef aliponiita. "Bamefika. Docta ameingia naye." Baadaye akasema mtoto ni mwanaume, na mama anapumua. Niliweka paji la uso juu ya mashine, ilikuwa bado moto.

Titulaire aliporudi alinisimulia kwamba kwenye kona moja walielekezewa bunduki na vijana wa porini. Mmoja wa wale vijana alikuwa na mashine mgongoni. Ikapiga kelele kwamba wawapishe, wakapisha. Sauti ile sikuisikia tena hewani, ingawa niliitafuta.

Nikarudishwa Baraka. Zikaja kompyuta, ikaja sahani ya satelaiti, ikaja milingoti ya simu, na foni ikaingizwa depo. Msidhani nililia. Mimi ni mpenzi wa mashine. Mpaka leo, nikiwa mstaafu, nina simu mbili, na ninabishana na wazee wenzangu ipi inashika chaji. Ninachogombana nacho ni hizi habari zinazorushwa kwenye simu kutoka kundi hadi kundi. Hazina pumzi ya mtu. Nimeona mtaa mzima unafunga vitu na kukimbia kwa sababu ya picha ya mahali pengine. Kwenye foni angalau ulisikia mtu anavyohema. Ingawa hata hivyo, kuhema si ukweli. Siku ile sikujua, na mpaka leo sijui ningeamua nini kama mgonjwa angekuwa wangu.

Esteri alishuka sokoni mwaka huu na mwanawe, ambaye sasa amempita urefu. Wakanywa chai kwangu. Nikamsimulia yote, maana juu ya kipoyi hakuwa na fahamu.

"Na ule muntu," akauliza, "yeye alipona?"

Nikamwambia sijui.

Akafunga macho, akamwombea. Kwa kuwa hakuwa na jina la kumpa Mungu, alisema tu, "ule wa njia."