Jumapili za Kumbishia Baba

Mimi ni mbishi, sikatai. Mama alikuwa akisema mtoto wa nyoka ni nyoka, huku akimtazama baba, na baba alikuwa akijifanya hasikii. Baba alifanya kazi kichinjioni Dagoretti miaka mingi. Ujanani alipiga ngumi katika ukumbi wa mtaa, akashinda mara chache na kusimulia mara nyingi.

Mama alipofariki, nilichelewa mazishi. Nilikuwa mpishi katika nyumba ya matajiri mtaa wa Karen, na siku hiyo mwajiri wangu alikuwa na wageni. Aliponiruhusu kutoka na nikafika, jeneza lilikuwa limeshashuka kaburini. Baba akaniambia mbele ya watu kwamba nimekuja kama mgeni. Nikamjibu kwamba basi mgeni anaondoka, na nikaondoka. Kutoka Karen hadi chumba alichopanga baba kwenye ploti ya Riruta si safari ya kubeba chakula. Lakini yeye hakusema njoo, nami sikusema nakuja. Mwaka ukaisha hivyo.

Kisha bondia mmoja mkongwe, mtu wa miaka arobaini na kitu, akapigana mjini na kijana. Nililitazama pambano kwa simu, peke yangu kitandani. Raundi sita nzima maskini yule alijikunyata kwenye kamba, mikono usoni, akingoja kijana achoke. Kijana hakuchoka. Mkongwe akashindwa kwa pointi, na kabla sijajielewa nilikuwa nimempigia baba.

Alishika simu bila salamu. Alikuwa amelitazama kwa jirani. Akasema mkongwe alifanya sawa: mtu wa umri ule hana pumzi ya kutupa ovyo, afanye nini ila kungoja? Nami niliona hivyo hivyo kabisa. Lakini nilisikia sauti yake imechangamka, nikaogopa kwamba nikikubali tutaagana. Nikamwambia mkongwe alikuwa mjinga, angeingia kumshambulia kijana mapema, raundi ya kwanza, akiwa bado na nguvu. Weh! Alinifokea karibu nusu saa. Nilicheka huku nimeziba mdomo kwa shuka, na machozi yakanitoka.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, tulirudi kwenye pambano lile lile. Waajiri wangu walishinda mjini kazini, na juma zima hakuna aliyeniita kwa jina mpaka jioni, wakitaka chakula. Nilikatakata vitunguu huku nikitafuta hoja mpya ya kumchokoza baba. Upweke ulikuwa umenila, wacha niseme ukweli. Na bado hatukuulizana habari za afya, wala hatukumtaja mama. Tulijadili kamba, pumzi na ngumi ya kushoto.

Jumapili moja nikaanza kama kawaida. Baba akasema polepole, "Umesema kweli. Angeingia mapema. Ukingoja sana, miguu inaisha."

Nikamwita. Akasema basi, nimeshinda, akakata simu.

Eti nimeshinda. Nilisimama jikoni na simu mkononi; baba hakuwahi kunikubalia hata mara moja. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilivua aproni, nikaiacha juu ya meza, nikaenda Riruta.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, mguu mmoja umevimba, fimbo imeegemezwa ukutani. Jirani aliyekuwa akimchotea maji aliniambia kwamba mzee hajavuka geti tangu mvua zianze. Nilimkasirikia baba, nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana hata siku moja sikuwa nimemuuliza.

Nikasonga ugali, nikakaanga sukuma wiki, tukala tukitazamana kama watu waliokutana kliniki. Ndipo nikaona nimwambie.

"Baba, tangu siku ya kwanza nilikuwa upande wako. Yule mzee alifanya sawa."

Baba alimega ugali, akauviringa kwa vidole muda mrefu bila kuula.

"Nilijua," akasema. "Lakini tungekubaliana, ungepiga tena kuniambia nini?"