Mama Alishindwa Uchaguzi wa Jikoni

Mwalimu wetu wa Biashara anasema nadharia za usimamizi zilikua kama mtoto: zilitambaa, zikasimama, siku hizi zinakimbia. Alichora mshale ubaoni, na kwenye ncha yake akaandika "za kisasa" kwa chaki ya rangi. Mimi nilikuwa nyuma najizuia kucheka. Mama yangu ni mpishi wa shule hii, hapa Sironga, na mshale wote huo umempitia mgongoni.

Mwalimu mkuu wa kwanza namkumbuka tangu nikiwa mdogo wa kupelekwa jikoni kulamba mwiko. Alisimama mlangoni na saa mkononi na filimbi shingoni. Huyu akate sukuma tu, yule akoroge tu, mwingine kuni tu. "Kufikiri ni kazi yangu," aliwaambia. Jioni, nyumbani, Mama alimtukana kwa lugha yetu ya Ekegusii mpaka kuku wakakimbia. Lakini yule mzee alipanga zamu, na zamu zake hata askofu hangezigusa. Wapishi wenzake Mama watatu ni Wasabato, yeye ni Mkatoliki. Basi Jumamosi Mama anapika peke yake, Jumapili wanapika wao, naye anaenda Misa kuimba kwaya.

Wa pili aligundua kwamba wapishi wana mioyo. Alikalia mtungi uliopinduliwa, akala nao githeri, mahindi na maharagwe, akauliza habari za ng'ombe. Moshi jikoni haukupungua, ila sasa kulikuwa na mtu wa kuwapa pole ya macho. Mama alimpenda sana. Zamu ziliachwa vilevile.

Huyu wa sasa ndiye wa kisasa. Alibandua karatasi ya zamu ukutani akitabasamu. "Hapa hakuna bosi. Nyinyi ni timu. Amueni wenyewe." Niliwaambia maboyz darasani hata wezi wa ndizi huwa na bosi. Kwa huo mdomo nikapewa adhabu ya kuosha sufuria nyuma ya jikoni, na ndivyo nilivyosikia mkutano wa timu.

"Dada, Jumapili na sisi tuna majani chai shambani," alisema mmoja. "Wewe Jumamosi uko hapa tu. Si uunganishe na Jumapili?"

"Na Misa?" Mama akauliza.

"Misa si ya asubuhi? Ukitoka, unakuja."

"Na uji wa asubuhi utajipika?"

Halafu yule mkubwa wao, aliyenibeba mgongoni siku Mama alipolazwa hospitalini, akasema, "Tupige kura basi. Si ndivyo tulivyoambiwa?"

Kwa mlango nusu wazi niliona mikono mitatu juu. Mama hakuinua wake hata alipoulizwa nani anakataa. Alikuwa anatazama ile mikono.

"Usikasirike, mwenzangu," mkubwa akamwambia. "Ni timu imeamua."

Mama alivua aproni akaenda ofisini. Mwalimu mkuu alimpa kiti, akampa chai. Jioni, nyumbani, aliniigizia sauti ya mkuu, ile laini: "Mama, mimi ni nani nivunje uamuzi wenu? Kama huwezi, timu ina uhuru wa kutafuta mwingine." Karo yangu inatoka kwenye ile sufuria, kwa hivyo alimaliza chai akarudi jikoni.

"Si ungemtukana tu?" nikamwambia. "Yule wa filimbi ulimmaliza."

"Nimtukane kwa lipi? Amenipa chai." Alikuwa anamenya ndizi na kisu kilikuwa kinaingia ndani sana, kinakula nyama ya ndizi. "Na wale nao nitawatukana vipi, na kesho tunainua sufuria moja?"

Nilitafuta mzaha wa kumpa. Nilikuwa nao mwingi, wote wa kijinga.

Jumapili iliyofuata nilikuja shuleni, nikapanga foleni ya uji pamoja na wanafunzi wa bweni, na kikombe changu. Mama alikuwa dirishani, kitambaa cha kanisani bado kichwani, amekifunga vizuri kama mtu anayetoka sasa hivi kwenda Misa.

"Mathe wako hajaenda Misa?" aliuliza boy wa nyuma yangu.

"Alishindwa uchaguzi," nikasema.

Foleni nzima ilicheka, mmoja akamwaga uji. Mama alisikia. Alipangusa ubao wa dirisha kwa tambara, akanijazia kikombe kipimo kilekile cha kila mtu, bila kuniangalia.

"Songa," akasema. "Wenzako wana njaa."