Chaki Kabla ya Nyundo

Fundi mmoja wa stima wa Kitale alikuwa na sharti moja: hapangi waya za nyumba kabla hajaketi jikoni na mama mwenye nyumba. "Mama, unapigia pasi wapi?" angeuliza kwa sauti ya chini. Kisha vidole vyake, vilivyokaushwa na saruji, vingechora ukutani kwa chaki, duara mahali pa balbu, msalaba mahali pa soketi, na nyundo haikugusa ukuta mpaka mama aitikie kila alama.

Mwaka wa 2006 mwalimu mstaafu wa Kanduyi alimwita abadilishe waya zote kuukuu. Mkewe, Mama Nafula, alikuwa matangani Kapsokwony.

"Tumngoje mama," fundi alisema.

"Ati tumngoje? Si mimi ndiye mwenye nyumba, bana! Weka soketi zote sebuleni. Jikoni ni kwa kuni."

Fundi aliigeuzageuza chaki kiganjani, akainama, akachora alivyoambiwa.

Baada ya mwezi mmoja alipita kuwasalimu. Waya mrefu ulikuwa umeburutwa kutoka sebuleni hadi jikoni, mahali Mama Nafula alipopigia pasi miaka yote. Pale mlango ulipoubana, ulikuwa umechubuka hadi shaba ikaonekana. Mama alimsalimu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji.

"Ulinipangia jiko nikiwa kwenye kilio, fundi."

Fundi alitoa chaki, akachora msalaba kwenye ukuta wa jikoni, akamtazama mama mpaka alipoitikia. Sharti lile alilivunja mara moja tu, na kulivunja huko kulimgharimu mama yule vidole viwili.