Kuni Mbichi za Krismasi

Mama yangu alikuwa Mkatoliki kutoka upande wa Nanyamba, na baba ni Mwislamu wa Mikindani aliyebeba magunia ya korosho bandarini mpaka mgongo ulipomkatalia. Kila mmoja alibaki na dini yake. Mtawanya tulikokulia jambo hilo halikuwa habari. Wenzetu walituonea wivu tu kwa kuwa sikukuu zetu zilikuwa nyingi kuliko zao.

Mapambo ya mama yalikaa ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda. Kulikuwa na vitufe vyekundu vya kioo alivyopewa na watawa aliposoma misheni, vimebabuka rangi, nasi tukiviita mayai. Kulikuwa na minyororo ya karatasi aliyoibandika kwa uji wa muhogo, ambayo mende waliipenda kuliko sisi, na nyota ya bati aliyoikata mwenyewe. Mti wetu ulikuwa tawi la mvinje, ule mti wa ufukweni wenye majani kama sindano.

Tawi hilo lililetwa na baba kila mkesha wa Krismasi, kwenye keria ya baiskeli. Alilisimamisha uani na kusema, "Kuni hizo." Hakuwahi kuliita kwa jina jingine. Mama naye alijibu bila kucheka, "Ahsante, Baba. Mbichi kidogo, lakini zitafaa." Kisha baba alivaa kofia yake na kwenda barazani kwa wenzake, asirudi mpaka mama amemaliza kutundika. Tulikua tukiamini kwamba hapendi kuyaona mapambo yale. Mimi jambo hilo liliniuma, maana mama alipomaliza aliutazama mlango kwanza kabla ya kututazama sisi.

Mwaka mmoja mama yake baba alikuja kututembelea, akakuta mama ametandaza pamba juu ya mvinje, kama theluji aliyoiona kwenye kadi. Theluji bibi hakuijua. Pamba aliijua, tena kwa kazi moja: ya maiti. Alishika mwimo wa mlango. "Innalillahi. Nani katutoka, wanangu?" Mama aliibandua pamba yote huku akimwomba radhi. Bibi alipoelewa alicheka mpaka akakohoa, lakini nyumbani kwetu theluji haikunyesha tena.

Mwaka huu mama alifariki, mikorosho ikianza kuchanua. Tulipogawana vitu vyake, kanga zilipata wenyewe, na sufuria pia. Kopo halikuguswa na mtu. Kaka yangu alisema waziwazi kwamba nyumba sasa ni ya baba, tusimtwishe mzee sikukuu isiyo yake. Baba amevumilia vya kutosha, alisema. Niliona Krismasi ya mama inakwenda kaburini nyuma yake, na hakuna wa kuizuia.

Siku ya mkesha nilikwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kukuta sebule tupu. Nilimkuta baba ameketi mkekani, tawi la mvinje limeegemezwa ukutani, kopo liko wazi mapajani mwake. Ameshika kitufe kimoja kwa vidole vyote vitano, anaogopa kukivunja.

"Afadhali umekuja, mwanangu," alisema. "Kinaanza kipi?"

Nikamwambia mama alianza na minyororo. Tukaitundika pamoja, yeye upande wake, mimi wangu, na wa kwake ukapinda vibaya. Hatimaye nikamuuliza kwa nini miaka yote ile alikuwa akiondoka.

Aliunyoosha mnyororo wake, ukazidi kupinda.

"Mama yako ndiye aliyeniambia mwaka wa kwanza, 'Nenda, Baba, wasije wakakusema msikitini.' Nikaona labda anataka kuwa peke yake na mambo ya kwao. Nikawa nakwenda."

"Na wewe ulitaka kwenda?"

"Nilikuwa nakaa pale barazani siwasikii hata wanachozungumza. Nangoja atume mtoto aje kuniita."

Katika nyumba ile mtoto wa kutumwa nilikuwa mimi. Nilitumwa dukani, kisimani, kwa jirani kuomba chumvi. Barazani kwa baba, mkesha wa Krismasi, sikutumwa hata mara moja.