Mama Dakika Kumi

Ofisini walimwita Mama Dakika Kumi, naye aliitikia bila kinyongo, maana jina lilikuwa la kweli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha seva za makao makuu ya kampuni ya dawa na maghala yake saba, kila moja mji wake. Kila ghala lilikuwa na ruta, kisanduku cheusi kinachoamua taarifa zipite njia gani, na ruta zote aliziamrisha akiwa kwenye kiti chake, chumba cha nyuma, chini ya feni isiyozunguka.

Kabla ya kugusa ruta ya mbali, kwanza aliiamuru kwamba dakika kumi zikipita ijizime na kujiwasha upya. Kazi ikienda vizuri, aliifuta ile amri. Ikienda kombo na mawasiliano yakakatika, ruta ingejiwasha na kurudia njia zake za zamani, kwa kuwa mpya zilikuwa hazijahifadhiwa. Vijana wa kitengo walimcheka, wakisema fundi anayejiamini hahitaji tahadhari za kizee. Aliwajibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, akaendelea na kazi yake.

Nyoka alimuuma miaka kumi na moja nyuma. Alikosea tarakimu moja, ghala la mbali kuliko yote likapotea mtandaoni, na ikabidi mtu aende akasimame mbele ya ruta yenyewe. Mtu huyo alikuwa yeye, safari ya basi ya mwendo wa saa sita, na baba yake mahututi kitandani. Aliporudi, walikuwa wameshazika. Mama yake hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba baba aliuliza mara tatu kama binti yake ameshafika. Wanaosema kazi ni kazi hawajawahi kuambiwa neno kama hilo.

Sasa ilikuwa zamu ya mama kulazwa. Alipangiwa kupasuliwa saa nne asubuhi. Binti aliomba ruhusa ya siku nzima, akapewa ya shingo upande: kwanza alihamishie ghala lile lile kwenye laini mpya, kwani ya zamani ingekatwa adhuhuri. Saa tatu na nusu alikaa kwenye kiti. Meneja, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, alisimama nyuma yake.

"Mama, leo hizo dakika kumi tuziache. Si unataka kuwahi hospitali?"

"Ndiyo maana naziweka, bosi."

Akaweka, akaandika njia mpya, akabonyeza. Ghala likapotea.

Kosa aliliona papo hapo. Alikuwa ameandika njia ya kwenda na kusahau ya kurudi, kosa la mwanafunzi, kosa la mtu ambaye moyo wake uko wodini. Simu ikalia: ghalani wateja wamepanga foleni na dawa hazitoki. Meneja akaanza kutafuta ratiba ya mabasi, wala hakuficha. Kwenye simu ya binti ukaingia ujumbe wa mdogo wake aliyekuwa hospitali: mama wamemwingiza chumba cha upasuaji.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Je, ile amri ya dakika kumi aliibonyeza kweli, au aliiwaza tu kwa mazoea? Hakukuwa na namna ya kuhakikisha. Alikaa, mikono mapajani, akiangalia saa ya ukutani. Dakika ya kumi ikapita kimya. Ruta huchukua muda kuamka, alijua, lakini kujua hakukumsaidia kitu. Ya kumi na tatu, taa ya ghala ikawaka kwenye kioo cha kompyuta.

Akavuta kibodi, akaweka dakika kumi upya. Meneja alivuta kiti akakaa. Safari hii aliandika njia zote mbili, akajaribu, zikakubali. Akafuta amri, akahifadhi, akachukua mkoba wake.

Alimkuta mdogo wake kwenye benchi la korido, akasogezewa nafasi. Walipomtoa mama, midomo ilikuwa mikavu na macho yamefumbwa, lakini mkono ulikuwa ukipapasa shuka.

"Dada yako ameshafika?"

"Niko hapa, mama," binti akasema, akaushika ule mkono.

Mama aliuliza mara moja tu.